Waliopanda Maseno kwa Miguu

Abiria wengi wa matatu za Busia huijua Kisian kama njia panda tu. Barabara hutoka Kisumu ikiwa karibu na ziwa, na ikifika Kisian inagawanyika. Ya kushoto inaelekea Kombewa, Bondo na Usenge. Ya kulia inaanza kupanda kwenda Maseno, Luanda na Busia. Hapo katikati kuna vibanda vya samaki wa kukaanga, boda boda zinazongoja wateja na wachuuzi wanaokimbilia madirisha ya magari na ndizi na njugu mikononi. Watu hushuka, hupanda gari jingine, huenda zao. Mimi nilishuka hapo kwa sababu ya njia ya tatu, iliyokuwapo kabla ya lami na kabla ya reli, ambayo vijana wa ufuoni waliifuata kwa miguu mwanzoni mwa karne ya 20 wakienda kutafuta shule mlimani.

Maseno ni mji mdogo. Mgeni aliye ndani ya gari anaweza kuumaliza kabla hajamaliza soda yake. Hata hivyo, ukijaribu kuandika historia ya siasa, elimu au fasihi ya Kenya magharibi bila kuutaja, utakwama ukurasa wa kwanza. Shida ni jinsi unavyotajwa. Simulizi huanza na mmisionari aliyefika na Biblia, ikapita kwa mwalimu mkuu mkali, ikaishia na orodha ya wakubwa waliosoma hapo. Nimeisoma historia hiyo mara nyingi, na kila nikiisoma naona imeanzia juu kileleni ilhali mambo yalianzia bondeni. Maseno ilijengwa na waliopanda, na hao waliopanda walijua wanachokitaka kabla hawajafika.

Kwanza, kwa nini mlimani? Reli ya kutoka Mombasa ilifika ziwani Desemba 1901, mahali Waingereza walipopaita Port Florence, na mwaka 1902 eneo hili likahamishwa kutoka utawala wa Uganda na kuwekwa chini ya ule wa Afrika Mashariki. Kisumu ikawa bandari na makao ya serikali, lakini ilikuwa bandari yenye homa. Malaria ilishika kila mtu, na miaka hiyohiyo ugonjwa wa malale ulikuwa ukiua watu kwa maelfu kuzunguka ziwa. Mzungu yeyote aliyetaka kukaa alitazama juu. Ufuo wa Kisumu uko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari. Maseno iko kama mita 1,500. Tofauti hiyo inatosha kubadilisha hewa, umande wa asubuhi na idadi ya mbu chumbani.

Mwaka 1906 J. J. Willis wa shirika la Kianglikana la CMS akafungua shule huko juu, mahali palipopewa jina kutokana na mti ambao Waluo huuita oseno. Kanisa hilo halikuja kutoka Pwani, kama wengi wanavyodhani wakifikiria historia ya Kenya. Lilishuka kutoka Uganda, na hadi mwaka 1921 Maseno ilikuwa chini ya dayosisi ya Uganda. Willis mwenyewe alifanywa askofu wa Uganda mwaka 1912, na mwaka uliofuata akajikuta katikati ya mzozo mkubwa wa kidini: yeye na askofu wa Mombasa walishtakiwa uzushi na Frank Weston, askofu wa Zanzibar, kwa kuwaruhusu Waprotestanti wa madhehebu mengine kushiriki meza moja ya Bwana katika mkutano wa Kikuyu wa 1913. Mzozo huo uliwafikia maaskofu wa Uingereza yenyewe.

Nikiwa bado Kisian niliuliza njia kwa mama mmoja mzee aliyekuwa akigeuza samaki kwenye karai. Nilimwita dani, yaani bibi kwa Kiluo, naye akaniita nyakwara, mjukuu.

“Dani, watu wa zamani walipanda Maseno kwa njia gani?”

“Nyakwara, wewe fuata reli,” alinijibu bila kuacha kazi yake. “Reli nayo iliwafuata wao.”

Nikaifuata. Kabla ya kuacha tambarare unapita karibu na kituo cha KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya. Wamisionari walipanda mlima ili kumkimbia mbu. Wanasayansi wa Kisian wamekaa chini hapa kwa miongo kadhaa wakimchunguza. Miaka ya 1990 watafiti wa taasisi hii pamoja na wenzao wa CDC ya Marekani waligawa vyandarua vilivyotiwa dawa katika vijiji vya Asembo na Gem, na matokeo yakaonyesha kwamba vinapunguza vifo vya watoto wadogo hata mahali ambapo malaria haikomi mwaka mzima. Utafiti huo ni miongoni mwa sababu za chandarua cha dawa kuwa kitu cha kawaida katika nyumba za Afrika. Baadaye Siaya na Kombewa, zote za upande huu wa ziwa, zikawa miongoni mwa vituo vya majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S, na Septemba 2019 Kenya ikaanza kuwachanja watoto, uzinduzi ukifanyika Homa Bay. Nimeyataja haya kwa sababu mlima haukuwa kinga ya kudumu. Malaria ilipanda nayo, na leo watafiti wanakusanya mbu hata Emutete, katika vilima vya Bunyore, juu kuliko Wazungu wale walivyodhani mbu angeweza kufika.

Baada ya hapo ardhi inainuka. Vilima vya nyuma ya Kisian ni ukingo wa bonde la ufa la Nyanza, tawi la Bonde la Ufa lililozama na kulipa ghuba ya Winam nafasi yake. Mawe ya matale yametapakaa mlimani, mengine makubwa kuliko nyumba, na kati yake watu wamelima mahindi na mtama kwenye kila kipande kinachokubali jembe. Reli inazunguka kutafuta mteremko mpole. Tawi hili la Kisumu hadi Butere lilifunguliwa mwaka 1930, likiwa na stesheni za Kisian, Lela, Maseno, Luanda, Yala na nyingine hadi mwisho. Lilijengwa ili kuteremsha mazao ya wakulima kuyafikisha bandarini. Kwa wanafunzi, hata hivyo, treni ilipoanza kupanda, shule ilikuwa na umri wa miaka 24. Kizazi cha kwanza kilikuja kwa nyayo.

Ukipanda kwa miguu jua likiwa kali ndipo unaelewa kwamba hakuna aliyefika huko juu kwa bahati mbaya. Kutoka Seme, Asembo, Gem, Kisumo, kijana aliyeamua kwenda Maseno alikuwa anaacha ng'ombe wa baba yake, anaacha mashua, anakwenda kukaa kati ya watu wengine wenye lugha nyingine. Watawala na wamisionari walitaka kwanza watoto wa machifu, wapate makarani, mafundi na wahubiri. Vijana walikuwa na hesabu zao. Walikwisha kuona Kisumu kwamba karatasi ndiyo inayomtoza mtu kodi, karatasi ndiyo inayompeleka kazini kwa nguvu, na anayeweza kuisoma haonewi kwa urahisi kama asiyeweza.

Ndiyo maana naona mwaka 1908 ndio uwe tarehe ya kwanza katika historia ya Maseno, hata kabla ya 1906. Mwaka huo wanafunzi waligoma. Shule ilikuwa imejaa kazi za mikono, na wao walisema hawakupanda mlima kwa ajili hiyo. Walidai kusomeshwa zaidi, kuandika na kuhesabu. Shule ilikuwa na miaka miwili tu! Kenya bado haikuwa koloni rasmi, hapakuwa na chama cha siasa cha Waafrika wala gazeti la kuwatetea, na vijana wa Nyanza walikwisha kuketi chini na kukataa. Wanaosema kwamba shule za misheni zilimpa Mwafrika elimu wanasahau kwamba hapa ilibidi aidai.

Miaka 13 baadaye waliopita katika madarasa hayo walirudi kwa sauti kubwa zaidi. Vita Vikuu vya Kwanza vilikuwa vimekula maelfu ya wapagazi wa Kavirondo, kama Nyanza ilivyoitwa. Mwaka 1920 nchi ikageuzwa koloni, kipande, yaani kitambulisho cha kazi, kikaanza kuning'inizwa shingoni, kodi ya nyumba ikapandishwa hadi shilingi 16. Desemba 1921 umati ukakutana Lundha, Gem, na chama kikazaliwa: Young Kavirondo Association, ambacho wananchi walikiita Piny Owacho, yaani nchi imesema. Mwenyekiti alikuwa Jonathan Okwirri, katibu Benjamin Owuor Gumba, mweka hazina Simeon Nyende. Wote walikuwa wametoka katika shule na kanisa la Maseno. Walitaka kipande kiondolewe, kodi ipunguzwe, kambi za kazi zifungwe, wanawake wasitozwe, watu wapewe hati za ardhi, serikali ijenge shule yake, na nchi iache kuwa koloni.

Julai 1922 Gavana Edward Northey mwenyewe alilazimika kuja Nyanza kuwasikiliza, na mkutano ukafanywa Nyahera, nyuma ya vilima hivihivi ninavyovipanda. Fikiria uzito wa jambo hilo. Miezi minne tu kabla yake, Nairobi, askari walikuwa wamewapiga risasi watu waliokusanyika kudai kiongozi wao Harry Thuku aachiliwe. Nyahera, gavana aliketi na kujibu. Kambi za kazi alikubali zifungwe. Kodi ikapunguzwa hadi shilingi 12. Kuhusu ukoloni alikataa katakata. Kwa maoni yangu mkutano wa Nyahera unastahili kufundishwa katika kila darasa la historia nchini pamoja na msiba ule wa Nairobi. Mara nyingi hautajwi kabisa.

Serikali iliogopa, na kanisa likaombwa kupoza moto. Archdeacon Walter Owen wa CMS, aliyehudumu Maseno na vitongoji vyake tangu 1918, akakubali kuwa rais wa chama, na mwaka 1923 kikabadilishwa kuwa Kavirondo Taxpayers Welfare Association. Wanachama sasa waliahidi kuchimba vyoo, kuua panya na kupanda miti. Hayo ni mambo mema, lakini si yaliyowapeleka watu Lundha. Owen ni mtu mgumu kumpima. Aliikosoa serikali kwa ukali kuhusu kazi za kulazimishwa za wanawake na watoto hadi walowezi wakamchukia. Katika saa zake za mapumziko alizunguka mashambani akiokota vigae vya zamani, na vile vya Urewe, ambavyo utafiti wake ulichapishwa kwa jina lake pamoja na ya Louis na Mary Leakey, leo hutumiwa na wanaakiolojia wa eneo zima la Maziwa Makuu kufuatilia jamii za kwanza za wafua chuma. Alikuwa rafiki wa kweli wa watu wa Nyanza. Pamoja na hayo, aliketi kwenye kiti ambacho wao wenyewe walikuwa wamekichonga, na Piny Owacho haikupata tena makali yake.

Lela nilipumzika kivulini. Kutoka hapo hewa inapungua joto, migomba inaongezeka, na mikalitusi inaanza kusimama kando ya njia. Kilomita chache mbele unafika kwenye bango la ikweta kando ya barabara kuu ambapo wageni husimama kupiga picha, mguu mmoja kila upande wa dunia. Halafu ndiyo Maseno yenyewe: shule, kanisa, hospitali, soko, chuo kikuu.

Mwaka 1928 alifika hapa Edward Carey Francis, aliyeacha nafasi yake ya kufundisha hisabati Cambridge akaja kuwa mkuu wa shule. Alikaa hadi 1940 alipohamia Alliance, Kikuyu. Alikuwa mwalimu hodari asiyevumilia uvivu wala ubishi, na mbele yake alipata mbishi wa kiwango chake: Jaramogi Oginga Odinga, aliyekuwa mwanafunzi hapa, akaenda Alliance na Makerere, akarudi kufundisha. Kati ya 1943 na 1946 Odinga aliongoza shule ya mifugo ya Maseno. Katika miaka hiyo ya ualimu ndipo alipofikia uamuzi kwamba Mwafrika asiye na mtaji wake ataomba ruhusa maisha yake yote, na mwaka 1947 Luo Thrift and Trading Corporation ikasajiliwa. Pia ndipo aliposhikilia kwamba wanawe wabatizwe kwa majina ya Kiluo, si ya Kizungu, jambo lililokuwa kama uasi kwa mwalimu wa misheni.

Mmoja wa wana hao, Raila, alizaliwa katika hospitali ya misheni ya Maseno tarehe 7 Januari 1945. Alipofariki Oktoba 2025 alizikwa Bondo. Mwanzo wake uko kwenye barabara ya kulia ya Kisian na kaburi lake liko kwenye ile ya kushoto, na wiki ile ya msiba sidhani kama kuna mtu wa njia panda hiyo aliyehitaji kuelezwa hilo.

Hospitali hiyohiyo ina kumbukumbu nyingine ninayoipenda zaidi, labda kwa sababu haitajwi sana. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Grace Ogot, aliyesomea uuguzi Uganda, alifanya kazi hapa kama mkunga na mkufunzi. Mwaka 1966 alitoa riwaya ya The Promised Land, kisha mwaka 1968 Land Without Thunder, mkusanyo wa hadithi fupi. Ukizisoma utakuta wagonjwa, waganga, wauguzi, na watu waliosimama kati ya dawa ya hospitali na dawa ya nyumbani wasijue waamini ipi. Siwezi kuamini kwamba wodi za kilima hiki hazikumfundisha chochote kuhusu jambo hilo.

Leo mji unaishi kwa chuo kikuu. Chuo cha ualimu cha Siriba na taasisi ya mafunzo ya serikali viliunganishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 kuwa chuo kishiriki cha Moi, na mwaka 2001 Maseno ikawa chuo kikuu kamili. Hosteli zimejengwa hadi kwenye mashamba ya mahindi. Jioni njia hujaa vijana wanaonunua chapati, maharage na mayai ya kuchemsha, na ukisimama sokoni kwa dakika chache utasikia Kiluo, Kinyore, Kiswahili na Sheng vikipokezana katika mauzo ya nyanya za shilingi 20.

Kwa maana Maseno haijawahi kuwa ya watu wa jamii moja. Upande mmoja ni nchi ya Waluo, upande mwingine ni Bunyore. Serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013, mpaka uliokuwa unavukwa na kuku ukawa ugomvi wa Kisumu na Vihiga: mji ni wa nani, na ushuru wa soko aukusanye nani? Ugomvi huu unaniumiza, kwa sababu kila kitu katika historia ya mahali hapa kinaukana. Muda mrefu kabla ya Willis, Waluo wa bondeni mvua ilipokataa walipanda vilima kwenda kwa wanamvua wa Bunyore, ukoo wa Nganyi, kuuliza msimu utakuwaje. Wakoloni waliwaweka wanamvua katika fungu moja na wachawi wakaipiga kazi yao marufuku, lakini ukoo ulihifadhi msitu wake mtakatifu na elimu yake: kuchunguza miti inavyochanua na kupukutisha majani, ndege wanavyohama, siafu wanavyotembea, upepo unavyogeuka, na chungu cha dawa kinachopulizwa kwa mrija. Kuanzia mwaka 2008, Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, kituo cha hali ya hewa cha IGAD na Chuo Kikuu cha Maseno viliketi na wazee wa Nganyi, wakalinganisha utabiri wa setilaiti na ule wa msituni na kutoa utabiri mmoja kwa wakulima. Wanasayansi na wanamvua waliafikiana kuhusu jambo zito kama mvua. Wanasiasa wameshindwa kuafikiana kuhusu soko la nyanya.

Nilimuuliza mwalimu mmoja mstaafu, aliyekuwa ameketi nje ya duka lake, yeye ni wa kaunti gani.

“Mimi nimeoa upande ule na nimezika wazazi upande huu,” alisema. “Sasa mwanangu, unataka nikate nini?”

Bethwell Ogot, mume wa Grace na mwanafunzi wa zamani wa Maseno, aliyefariki Januari 2025, alifanya jambo ambalo wasomi wengi wa miaka ya 1950 na 1960 walisema haliwezekani. Alizunguka vijijini akiwauliza wazee, akaandika yale waliyokumbuka, akayapanga kwa vizazi, na mwaka 1967 akachapisha History of the Southern Luo, kitabu kilichosaidia kuwathibitishia wenye shaka kwamba simulizi za mdomo ni ushahidi halali wa historia. Baadaye akarudi kufanya kazi katika chuo kikuu cha kilima hiki.

Kazi hiyohiyo haijafanywa kwa wale waliopanda njia ya Kisian. Majina ya wakuu wa shule yote tunayo. Majina ya wagomaji wa 1908 sijayakuta katika kitabu chochote nilichosoma. Lakini kati ya Kisian, Lela na Nyahera kuna maboma ambamo mjukuu bado anajua babu alipanda mwaka gani, alilala kwa nani njiani, alirudi na nini, alisimama wapi siku ya gavana. Wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Maseno hupita njia panda ile kila muhula unapofunguliwa, wengi wao wakiwa na simu inayoweza kurekodi sauti kwa saa nzima. Waanze na maboma ya Nyahera, maana wenye kukumbuka yaliyosimuliwa huko wamezeeka sana.